Usingizi wa Njia Nzima

Anayetoka zamu ya usiku hana uso wa kuonwa na wakwe. Nililijua hilo asubuhi ile nilipojitazama kwenye kioo cha chumba cha wauguzi: macho mekundu, midomo mikavu, alama ya barakoa imejichora shavuni. Na siku hiyo hiyo alasiri nilitakiwa niwe pwani, sebuleni kwa mama mdogo, nimeoga, nimependeza na ninatabasamu, dada zake yule mwenye duka la dawa anayetaka kunioa waje waniangalie.

Sina baya la kusema juu ya huyo mwenye duka la dawa. Ana adabu, anafunga duka lake jioni, anarudi kwake analala. Mama alipomsifia kwangu, hakutaja sura wala mali. Alisema tu, "Huyu kila usiku yupo." Kwa mama hiyo ndiyo sifa iliyozipita zote, na yeyote aliyemjua baba angeelewa kwa nini.

Baba alikuwa dereva wa malori. Aliondoka na kurudi, akaondoka na kurudi, mpaka safari moja akaona nyumba aliyoizoea kule njiani inamfaa kuliko yetu, akabaki huko. Nikiwa mdogo alitupakia mbele mara chache. Ninachokumbuka si milima wala miji tuliyopita. Ninamkumbuka mama, kanishika mimi kwa mkono mmoja na mpini wa mlango kwa mkono wa pili, macho kayakaza barabarani utadhani yeye ndiye anayeendesha.

Sasa katika wanaume wote walioumbwa, mimi nikaenda nikampenda dereva wa lori.

Tulimwita Taratibu. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, maana ukimwuliza jambo lolote, kuanzia chai mpaka ndoa, jibu lake ni hilohilo: taratibu, tutafika. Mwalimu, rafiki yangu tangu shuleni, alikuwa akimtania kwamba haraka haina baraka, sawa, lakini yeye baraka zake zilikuwa zimekaa sana mpaka zimeanza kuota ukungu.

Siku alipofika kwa mama kujitambulisha hakuvuka hata kizingiti. Alisema shikamoo, na shikamoo yake ikabaki palepale mlangoni, haikupokelewa. Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Huyu binti yangu usiku hayupo. Wewe wiki nzima hupo. Hiyo itakuwa ndoa au lindo? Nyumba yenu itakaliwa na nani, kufuli?"

Angekuwa mtu mwingine ningecheka. Kisha mama akasema dereva haingii nyumbani kwake, akarudi ndani. Taratibu aliinamisha kichwa, akaniaga kwa macho, akaenda zake. Nikangoja anipigie simu siku ile, hakupiga. Nikangoja kesho yake. Nikangoja mpaka nikaona haya kungoja, na mama alipoanza habari za mwenye duka la dawa sikuwa na nguvu za kubisha.

Tangu siku hiyo usingizi wa mchana uliniaga. Nilikuwa nikitoka zamu, navuta pazia, najilaza, halafu nasikiliza maji yakijaa kwenye tangi la jirani mpaka jua linashuka na zamu nyingine inaniita. Muuguzi mkuu alinivuta pembeni akaniambia nina sura ya mgonjwa kuliko wagonjwa. Sikumbishia.

Safari yetu ya siku ile ilikuwa ya kila mwaka: Mwalimu, mumewe, Taratibu na mimi, tunavuka milima kwa gari la mumewe, Taratibu akiendesha, tunashuka upande wa pili mpaka baharini. Mumewe Mwalimu tunamwita Bwana Harusi, kwa sababu ameoa zamani lakini bado anamtazama mkewe kama picha ya harusi haijapigwa. Mwalimu alipanga safari kama kawaida yake, akanipigia kusema kuwa watu wanaweza kugombana huku gari linakwenda. Nikamwambia nitapanda, ila nishushwe kwa mama mdogo, nina wageni. Nilikuwa na sababu zangu: basi linazunguka mbali, mama ametangulia huko, sina nauli ya kuchezea. Zote zilikuwa za kweli na zote zilikuwa kisingizio. Nilitaka kumwona mara moja tu, kabla sijawa wa mtu.

Nilipotoka geti la hospitali nilimkuta Taratibu anazunguka gari, anagonga matairi kwa kile kirungu chake kifupi na kutega sikio. Ndivyo madereva wa malori wanavyopima upepo, na yeye hata umpe baiskeli ataigonga kwanza. Bwana Harusi alikuwa anamwambia kuwa tairi zake ni nne tu, si kumi na nane. Taratibu aliponiona alisimama, kirungu mkononi.

"Pole na kazi, Sista."

"Asante," nikasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza baada ya miezi yote ile. Nikafungua mlango wa nyuma. Kwenye kiti changu, upande wa dirisha, koti lake lilikuwa limekunjwa vizuri likiningoja, kama lilivyoningoja safari zote zilizotangulia. Nikalisukuma kando. Nikajiapiza kwamba leo silali, leo nitakaa wima nitazame milima kama watu wengine.

Lazima nieleze hapa kwamba ndani ya gari lile kulikuwa na sheria moja, na aliiweka Taratibu: Sista akitoka zamu, haamshwi. Tusimame kwenye maporomoko, tusimame kwenye daraja la mawe, yeye aliyelala aachwe alale. Ndiyo maana picha zetu zote za milimani zina watu watatu wanaocheka na, nyuma yao, kioo cha gari chenye mtu aliyefumbua mdomo. Mwalimu ana mkusanyo mzima wa usingizi wangu.

Hatujamaliza hata nyumba za mwisho za mji nikasikia gari likibadilisha gia, mlio unashuka polepole, na Mwalimu mbele akimsimulia mtu habari za wanafunzi wake. Ndilo jambo la mwisho nililosikia.

Niliamshwa na baridi na kimya. Gari lilikuwa limesimama ukingoni mwa barabara, juu kabisa, ukungu unapita chini yetu na milima inatokeza vichwa tu. Koti lake lilikuwa limenifunika mpaka kidevuni. Sikumbuki nani alinifunika, nami sikuuliza, maana nilijua. Mwalimu na mumewe walikuwa wameteremka kwenye maporomoko, niliwasikia wakiitana huko chini. Taratibu alikuwa ameegemea boneti, kanipa mgongo.

Nikashuka na koti lake mabegani. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akanipa kikombe bila kunitazama.

"Ni kweli leo unakwenda kuonwa?"

Chai ikanichoma ulimi. "Nani kakuambia?"

"Mwalimu. Aliniambia kabla sijakubali kuja."

"Ukajua, na bado ukakubali kunipeleka?"

"Ningemwachia nani?" akasema. "Bwana Harusi? Kona ya kwanza atakuwa anamtazama mke wake. Barabara hii ina kona mbaya, Sista. Kama ni kwenda, nilitaka ufike."

Mtu akikuambia hivyo, unafanyaje? Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtupa bondeni. Uchovu wa zamu ulikuwa bado umenikaa magotini, na uchovu wa miezi mingi ulikuwa juu ya huo, nikaona siwezi tena kuchagua maneno.

"Hukunipigia," nikamwambia. "Hata mara moja."

"Mama yako alisema dereva asiingie nyumbani kwake. Nilimheshimu."

"Mama alifunga mlango wake. Wangu ulikuwa wazi. Mbona hukubisha?"

Akaanza kukizungusha kile kifuniko cha chupa ya chai, anafunga, anafungua.

"Nilidhani ukinihitaji utaniita."

"Nami nilidhani ukinipenda utakuja."

"Basi tumekaa wote wawili tunangojana," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. "Mimi kazi yangu siwezi kuiacha, nisikudanganye. Sijui nyingine. Ninachoweza kukuahidi ni kurudi. Nikiondoka, nitarudi. Hilo ningemwambia mama yako, ila nilipopata la kumwambia, mlango ulikuwa umeshafungwa. Mimi maneno yangu huja yamechelewa."

"Na leo umechelewa tena. Leo ndiyo siku yenyewe."

Machozi yalinitoka, ya hasira mengi kuliko ya huzuni, nikayafuta kwa mkono wa koti lake. Ningesema zaidi, ningesema hata yasiyofaa, lakini Mwalimu alitokeza akipanda kijilima, viatu vimelowa, mumewe nyuma yake kabeba mkoba wa mkewe na mwavuli wa mkewe. Alitutazama mara moja akajua. Akasema kuna baridi, twendeni.

Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimekusudia kununa mpaka baharini. Gari likaanza kuteremka. Taratibu hashuki mlima kwa breki, anashuka kwa gia, hata lori likiwa tupu. Gari linanguruma chini kwa chini, linajizuia lenyewe, wala hulisikii likikurupuka. Kwenye kila kona iliyofichika anapiga honi kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Nikahesabu kona chache ili hasira isipoe. Kisha nikalala. Nilikuwa nimemkasirikia mtu yule kwa moyo wangu wote, na bado nikalala kwenye mikono yake usingizi ambao kitanda changu kilikuwa kimeninyima. Sikujiuliza maana yake. Mtu hajiulizi maswali akiwa usingizini.

"Sista."

Niliisikia sauti kwa mbali.

"Sista, amka."

Nikafumbua macho. Joto lilikuwa limerudi, dirisha limeshushwa, upepo una chumvi. Gari lilikuwa limesimama kwenye njia panda. Mbele, barabara ya lami ilinyooka kuelekea ufukweni, na bahari ilionekana kati ya mapaa. Kulia ilikuwa barabara ya vumbi ya kwa mama mdogo. Taratibu alikuwa amegeuka kwenye kiti chake ananitazama, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu ya asubuhi.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu anijue kuniamsha.

"Nilimwambia apitilize," Mwalimu akasema kutoka mbele, bila aibu yoyote. "Nilimwambia sheria ni sheria, wewe ulale, ukija kuamka tuko ufukweni na wageni wamekwisha kunywa chai yao wakaondoka. Kakataa."

Nikamtazama Taratibu. "Kwa nini ukakataa?"

Akafikiri, kama anavyofikiri siku zote. Bwana Harusi, kando yangu, akafungua mdomo kumsaidia, mkewe akageuka akamfinya.

"Milima yote nimekuvusha ukiwa umelala," akasema. "Hapa siwezi. Nikikupitisha hapa bila wewe kujua, nitakuwa nimekuiba. Mimi sikutaki kwa wizi. Nataka uniambie mwenyewe: nipinde au ninyooke?"

Nilitazama barabara ya lami. Ilikuwa nyepesi sana. Kusema "nyooka" lilikuwa neno moja, na simu ningeizima, na mama angengoja barazani kwa mama mdogo, kavaa nguo yake ya heshima, akitazama barabara kila gari likipita. Alikwisha kungoja hivyo nusu ya maisha yake. Nisingeweza kumngojesha tena, hata kwa mapenzi.

Nikatazama barabara ya vumbi. Mwisho wake kulikuwa na mtu mwema anayelala nyumbani kwake kila usiku, na mimi nimelala macho kando yake. Ndivyo ingekuwa. Nilijua hivyo kama ninavyojua mapigo ya mgonjwa nikimshika mkono.

"Pinda," nikasema.

Taratibu akageuka mbele taratibu, akashika gia.

"Nikushushe getini?"

"Ukinishusha getini nitajua wewe ni mwoga. Utashuka na mimi."

"Atanifukuza."

"Akufukuze mimi nikiwepo. Siku ile alikufukuza nikiwa nimesimama nyuma yake nimenyamaza, na mimi nina sehemu yangu katika hilo. Leo sinyamazi."

Akatoa pumzi. Akapiga honi kidogo, ile ya kubisha hodi, ingawa kona ilikuwa wazi na hapakuwa na mtu, akapinda.

Viti vilikuwa vimepangwa barazani, vingine vya kuazima, unavijua kwa kutofanana. Vitambaa vya meza vilikuwa vimefuliwa. Mama alisikia matairi kabla hatujasimama, kama alivyokuwa akisikia zamani, akatoka mwenyewe. Mama mdogo alichungulia dirishani, alipoona nani yuko kwenye usukani akarudisha pazia.

Taratibu aliteremka akaacha gari linaunguruma. Nilielewa. Hakutarajia kukaa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama hakujibu. Macho yake yalikuwa kwangu: nguo za zamu zimekunjamana, nywele zimelala upande mmoja, koti la kiume mabegani. Akanisogelea, akanishika kidevu, akanigeuza uso kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto mwenye homa. Mstari wa mshono wa koti ulikuwa umejichora shavuni juu ya ile alama ya barakoa.

"Wageni wako njiani," akasema. "Ndivyo unavyokuja? Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

"Umelala wapi?"

"Kwenye gari. Nimetoka zamu, nikapanda, nikalala."

"Mlimani?"

"Mlimani kote. Kupanda na kushuka. Nimeamka hapo njia panda, na ni yeye aliyeniamsha niseme mwenyewe kama nataka kuja. Mama, mchana silali. Nimekuficha. Tangu siku uliyomfungia mlango silali, najigeuza tu kitandani. Huyo mwenye duka la dawa ni mtu mzuri na sina la kumlaumu, lakini simpendi, nampenda huyu. Sitatoroka naye. Nimekuja nikuambie usoni. Ukikataa utakuwa umekataa, na mimi nitarudi zamu yangu. Lakini hao wageni sitakaa mbele yao niwadanganye. Nimechoka, mama."

Nilidhani atapandisha sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Badala yake alimtazama Taratibu, kisha akalitazama gari, mlango wa nyuma ulioachwa wazi, kiti nilichokuwa nimelalia. Alikitazama muda mrefu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja wenyewe ubavuni, vidole vimeshika kitu ambacho hakikuwapo.

"Kona zile," akasema polepole. "Kona zote zile umelala?"

"Zote."

"Mimi na baba yako tulipita barabara hiyo mara nyingi." Hakuwa akisema na mtu. "Sikuwahi kusinzia kwenye gari lake. Hata siku moja."

Upepo wa bahari ulivuta vitambaa vya meza. Ndani ya gari Mwalimu alikuwa kamshika mumewe mkono, na kwa mara ya kwanza Bwana Harusi hakuwa akimtazama mkewe, alikuwa akimtazama mama yangu. Taratibu alisimama palepale aliposimama, mikono imeshuka, hakuongeza neno. Kwa mara moja katika maisha yake kuchelewa kusema kulimfaa.

Mama akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. Akamwita mdogo wake kwa sauti ya kawaida, akamwambia alete simu, kuna watu wa kuombwa radhi kabla hawajafika mbali. Kisha akamgeukia yule aliyesimama kando ya gari.

"Marahaba," akasema. "Zima gari, uingie ndani."